Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Polima Haiishiki Dhahabu Sawasawa?

Katika toleo lililopita safu hii iligusia chembe ndogo sana za dhahabu zilizovishwa polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, upande mmoja tu, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua tano, baadhi tukazifupisha, na tumezipanga ili jibu la kwanza limsaidie msomaji kuyaelewa yanayofuata.

Mhariri, pokea salamu. Ninafundisha kemia kidato cha tano na cha sita. Mliandika kwamba watafiti huweza kuifanya polima ishike upande mmoja wa chembe ya dhahabu na kuuacha upande wa pili wazi. Chembe ni duara, na dhahabu ni dhahabu pande zote. Polima inajuaje upande wa kwenda? Na kwa nini mtu asiivishe chembe yote, kazi ikaisha?
*Mwalimu, Iringa*

Mwalimu, polima haijui chochote, na mwanzoni kwa kweli huenda pande zote.

Chembe tunazozizungumzia huwa na kipenyo cha nanomita 10 hadi 100 hivi, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya milioni ya milimita. Njia ya kuzitengeneza iliyozoeleka zaidi ni ile iliyoelezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951: mmumunyo wa chumvi ya dhahabu huchemshwa, sitreti (chumvi ya asidi ya limau) hutiwa, na baada ya dakika chache maji hugeuka mekundu. Sitreti hufanya kazi mbili, kwani huigeuza chumvi kuwa metali, kisha hubaki juu ya chembe na kuipa chaji hasi inayozizuia chembe zisigandane. Hata hivyo, sitreti hushika kwa nguvu ndogo. Ukileta molekuli yenye thioli, yaani atomi ya salfa iliyounganishwa na haidrojeni, salfa huisukuma sitreti na kukaa mahali pake, kwa sababu kifungo kati ya salfa na dhahabu ni imara zaidi.

Sasa chukua mnyororo mrefu wa polistirini wenye thioli kwenye ncha moja tu. Ncha hiyo hujifunga kwenye dhahabu, na sehemu yote iliyobaki huelea ndani ya kiyeyushi. Minyororo ikiwa mingi juu ya chembe moja, wataalamu huliita tabaka hilo brashi ya polima. Maadamu kiyeyushi ni kizuri kwa polistirini, kila mnyororo hujitanua upendavyo, na chembe huwa imevikwa pande zote bila upendeleo.

Upendeleo huanza kiyeyushi kinapoharibika kwa makusudi. Polistirini huyeyuka vizuri katika dimethilifomamidi lakini huyachukia maji. Ukiongeza maji kidogo, minyororo huanza kupendelea kugusana yenyewe kwa yenyewe kuliko kugusana na kiyeyushi. Kama ingekuwa huru, ingeungana yote na kuzama chini ya chupa. Kwa kuwa ncha zake zimefungwa kwenye dhahabu, haiwezi kwenda mbali, hivyo majirani huegemeana na kujikusanya katika vilima vidogo, na katikati ya vilima dhahabu hubaki haina polistirini. Wananadharia walikuwa wameshabashiri katika miaka ya 1990 kwamba brashi iliyochipuka kwa uhaba ingegawanyika hivyo ikiwekwa katika kiyeyushi kibaya. Mwaka 2016 kundi la Eugenia Kumacheva wa Chuo Kikuu cha Toronto lilionyesha katika jarida la Nature kwamba jambo hilo linaweza kutumiwa kutengeneza chembe za dhahabu zenye baka, yaani kilima cha polima, moja, mawili, matatu au zaidi, kwa kubadilisha uwiano wa ukubwa wa chembe na urefu wa mnyororo.

Kuhusu swali lako la pili, chembe iliyovikwa sawasawa haina mwelekeo. Inaivuta jirani yake kwa nguvu ile ile kutoka kila upande, na zikiungana huwa rundo. Chembe yenye mabaka huchagua mahali pa kuungana. Mfano ulio wazi ni wa vijiti vya dhahabu ambavyo kundi hilo hilo la Toronto lilivifunga polistirini kwenye ncha zake mbili tu: vilipowekwa katika kiyeyushi kibaya viliungana ncha kwa ncha, vikawa minyororo, na mwaka 2010 watafiti hao walionyesha katika jarida la Science kwamba minyororo hiyo hukua kwa kufuata hesabu zile zile ambazo wewe huwafundisha wanafunzi katika upolimishaji wa hatua kwa hatua. Kwa mwalimu wa kidato cha sita sioni mfano mzuri kuliko huo. Iko pia sababu ya kiuchumi. Dhahabu inayotumika kama kichocheo hufanya kazi pale tu inapogusana na vitu vinavyotakiwa kubadilika, na ukiifunika yote umeizima.

Chembe zenye sura mbili huitwa za Janus, jina la mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili. Pierre-Gilles de Gennes alizitaja katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1991, na tangu hapo jina halijatoka.

Daktari, naomba msaada. Nimevisha chembe za dhahabu za nanomita 20 kwa polistirini yenye thioli, uzito wa molekuli 50,000, ndani ya dimethilifomamidi. Nikitia maji, mara napata ganda la pande zote, mara mmumunyo unageuka zambarau na chembe zinazama. Mabaka niliyoyasoma kwenye makala siyaoni. Msimamizi wangu ananiambia nibadilishe kiwango cha maji, nimebadilisha sana, bado. Tatizo liko wapi?
*Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi*

Ndugu, kwa maelezo uliyotuma, tatizo lako huenda halimo katika maji. Linaonekana kuwa katika idadi ya minyororo iliyokaa juu ya kila chembe, na hilo tunaweza kuliona kwa hesabu ya karatasi na kalamu.

Chembe yako ya nanomita 20 ina eneo la uso la nanomita mraba 1,257. Tuseme una minyororo 0.03 kwa kila nanomita mraba. Hiyo ni minyororo 38 hivi. Mnyororo mmoja wa polistirini wa uzito huo una vipande vya stirini karibu 480, na ukinyooshwa kabisa hufikia nanomita 120, mara sita ya kipenyo cha chembe yenyewe, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Ukiporomoka katika kiyeyushi kibaya huwa na ujazo wa nanomita za ujazo 79 hivi. Kwa hiyo polistirini yote iliyoko kwenye chembe moja ina ujazo wa nanomita za ujazo 3,000.

Polistirini hiyo ikitandazwa sawasawa juu ya dhahabu, hupatikana ganda la unene wa nanomita 2, na eneo lake la nje linalogusana na kiyeyushi kibaya huwa nanomita mraba 1,800. Ikikusanyika yote mahali pamoja, huwa donge lenye kipenyo cha karibu nanomita 18, yaani nusura ilingane na dhahabu yenyewe, na eneo lake ni nanomita mraba 1,000 tu, tena bila kutoa sehemu inayokaa juu ya dhahabu. Kwa kujikusanya, polima imepunguza eneo linaloichukiza karibu kwa nusu. Gharama yake ni kwamba minyororo iliyofungwa upande wa pili wa chembe inabidi ijinyooshe ili kulifikia donge, na kwa mnyororo wa nanomita 120 kuizunguka chembe ya nanomita 20, gharama hiyo inalipika. Ndiyo maana katika vipimo vyako baka moja ndilo linalotarajiwa. Chembe ikiwa kubwa zaidi, mnyororo ule ule hauwezi tena kufika upande wa pili, hivyo minyororo hukusanyika na majirani wa karibu tu na mabaka huwa mengi.

Sasa rudia hesabu hiyo hiyo kwa msongamano wa mara tano, minyororo 0.15 kwa nanomita mraba. Utapata ganda lenye eneo la nje la nanomita mraba 3,450 na donge lenye eneo la 2,930. Faida ya kujikusanya imeshuka kutoka asilimia 44 hadi asilimia 15, na hapo polima haina sababu kubwa ya kuhama. Ganda la pande zote unalolipata linaeleweka.

Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote, pima msongamano. Ukiwa na mizani ya kuchoma sampuli kwa joto linalopanda, chembe zako zenye minyororo 38 zinapaswa kupoteza chini ya asilimia 4 ya uzito wake, na zile zenye msongamano wa mara tano zitapoteza karibu asilimia 16. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata mizani isiyo ya kisasa sana itaiona. Angalizo ni moja: polima isiyofungwa, iliyobaki ikielea baada ya kuvisha, nayo huungua na kuhesabiwa. Nimeona wanafunzi wakiripoti msongamano usiowezekana kwa sababu hiyo. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga kimiminika cha juu, ongeza kiyeyushi safi, na urudie mpaka kimiminika cha juu kisibadilike rangi kuwa ya maziwa kinapotiwa matone ya maji. Polima huru hudhuru kwa njia nyingine pia, kwa kuwa unapotia maji huporomoka kwanza juu ya vilima vyako na kuvifunika.

Msongamano ukiwa mkubwa mno, punguza polima unayotia mwanzoni, au punguza muda wa kuvisha. Minyororo ya kwanza hukaa haraka. Inayofuata hulazimika kupenya kati ya ile iliyokwisha kukaa, na huchelewa. Ukikatisha mapema, unabaki na brashi haba. Wengine huongeza molekuli fupi yenye thioli ili ishindanie nafasi na polima. Njia hiyo hufanya kazi, ingawa inaongeza jambo la kudhibiti, na mimi ningeiweka akiba.

Ile rangi ya zambarau ni habari tofauti. Chembe za dhahabu za ukubwa wako zikiwa mbalimbali hufyonza mwanga wa karibu nanomita 520 na kuonekana nyekundu. Zikikaribiana, ufyonzaji huhamia kwenye mawimbi marefu na rangi huelekea zambarau au buluu. Zambarau yako inaonyesha kwamba mabaka yameanza kuungana na mabaka ya chembe jirani, yaani mabaka huenda yamekwisha kuwepo kwa kitambo kidogo bila wewe kuyaona. Punguza wingi wa chembe katika mmumunyo. Maji yachanganye kwanza na dimethilifomamidi, kisha mchanganyiko huo uutie tone kwa tone huku ukikoroga, kwa sababu tone la maji matupu huunda mahali padogo penye maji mengi mno, na chembe zinazolikuta tone hilo hugandana kabla halijasambaa. Mmumunyo ukiwa na joto kidogo, nyuzi 40 za Selsiasi kwa mfano, minyororo hupata wepesi wa kuhama na kutulia inapostahili. Umpelekee msimamizi wako hesabu ya hapo juu, nadhani mtaelewana.

Nimesoma kwamba mwaka 2025 watafiti wa Marekani wametumia atomi kama stensili ya kupakia polima juu ya dhahabu. Je, jambo hili ni jipya kweli, au ni lile lile la zamani limepewa jina jingine?
*Msomaji, Mombasa*

Ni jipya katika sehemu iliyo muhimu. Njia ya kiyeyushi kibaya niliyoieleza hapo juu inakuruhusu kuchagua idadi ya mabaka na ukubwa wake, lakini haikuruhusu kuchagua mahali. Baka hutua popote. Kwenye duara hilo halina neno. Chembe nyingi za dhahabu, hata hivyo, si duara: ni fuwele zenye nyuso bapa, kingo na pembe, kama vile mche wenye nyuso sita au oktahedroni yenye nyuso nane, na atomi katika uso mmoja hazikupangwa kama zilivyopangwa katika uso wa aina nyingine. Mtu anayetaka polima iwe kwenye pembe na isiwe kwenye nyuso hawezi kuridhika na bahati.

Kidokezo cha suluhisho kilikuwepo zamani. Katika vile vijiti vya dhahabu vya Toronto, kemikali ya aina ya sabuni inayotumika kuvikuza, CTAB, hujipanga kwa msongamano mkubwa kwenye ubavu wa kijiti na kwa uhaba kwenye ncha zake zilizopinda, hivyo polima yenye thioli hupenya kwa urahisi kwenye ncha. Kwa lugha nyingine, CTAB ilikuwa kizuizi. Lakini kilikuwa kizuizi ambacho mtafiti alikipokea jinsi kilivyo.

Kundi la Qian Chen wa Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, likishirikiana na la Sharon Glotzer wa Chuo Kikuu cha Michigan, lilikigeuza kizuizi kuwa kitu cha kupangwa. Aliyewahi kuona magunia ya kahawa yakiandikwa namba ghalani, bati lililokatwa herufi likilazwa juu ya gunia na brashi ya wino ikipita juu yake, ameshaielewa kanuni. Hapa bati ni iodaidi, ioni ya iodini. Ioni hizi huishika dhahabu kwa nguvu, na nguvu hiyo hutofautiana kutoka uso mmoja wa fuwele hadi mwingine. Zikitiwa kwa kiasi kilichopimwa, zisizotosha hata kufanya tabaka kamili la unene wa atomi moja, hukaa kwanza pale zinapopendelea na kuacha pengine wazi. Kisha hutiwa molekuli ndogo yenye thioli, naftalinithioli, ambayo hukaa pale palipoachwa wazi na kupafanya pakwepe maji. Mwisho huletwa polima yenye vipande viwili, kimoja polistirini na kingine asidi ya poliakriliki. Kipande cha polistirini hukimbilia kwenye naftalinithioli, kile cha asidi hubaki upande wa maji, na baka limekamilika.

Tofauti na ghalani ni kwamba hakuna anayelilaza bati. Linajilaza lenyewe juu ya mabilioni ya chembe kwa wakati mmoja, ndani ya chupa, na hata juu ya umbo ambalo mashine ya kuchonga vipande vya kompyuta isingeweza kulizunguka. Mtafiti hushika mambo mawili makuu, kiasi cha iodaidi na kiasi cha molekuli ya kati, ile naftalinithioli. Iodaidi ikipungua, wino huvuja kila mahali. Ikizidi, hakuna palipobaki pa kupaka. Hata stensili ikiwa sahihi, polima nayo ina matakwa yake, kwa kuwa minyororo iliyobanana kwenye kingo hufurika nje ya mpaka ili ipate nafasi, na wakati mwingine mabaka mawili jirani huungana. Nadharia na uigaji wa kompyuta uliofanywa katika kazi hiyo ulihusu hasa mvutano huo, kati ya nishati ya kugusana na uhuru wa minyororo wa kujitanua. Kwa njia hiyo walipata zaidi ya aina 20 za chembe zenye mabaka.

Kilichonishawishi mimi kuliko wingi wa aina ni kwamba chembe hizo zilijipanga zenyewe kuwa fuwele kubwa, zikiwemo zile zenye nafasi wazi kati ya chembe na chembe. Fuwele ya namna hiyo haijengeki kama mabaka hayalingani. Picha nzuri ya chembe tatu inaweza kuchaguliwa kati ya mia, fuwele haichaguliwi.

Nina tahadhari moja. Kazi hii imesimama juu ya uhusiano wa iodini na dhahabu, na uhusiano huo hauhamishiki tu kwenda kwenye metali nyingine. Mtu akijaribu kwa chembe za fedha, atakumbuka kwamba fedha na iodaidi, pakiwa na oksijeni, huelekea kufanya iodaidi ya fedha isiyoyeyuka, na bati litakuwa limekula gunia.

Katika picha za hadubini ya elektroni mabaka huonekana kama wingu hafifu la kijivu. Nitajuaje kwamba ninachokiona ni baka na si uchafu au athari ya kukauka?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Kwa picha moja hutajua. Dhahabu ina namba ya atomi 79 na kaboni 6, kwa hiyo dhahabu huzuia elektroni nyingi na kuonekana nyeusi, ilhali polima huziachia zipite. Kuitia sampuli rangi kwa chumvi za metali nzito husaidia, lakini nako huweza kuacha mabaki yanayofanana na mabaka.

Hatari kubwa zaidi ni kukauka, kama ulivyohisi. Tone likikauka juu ya wavu mdogo wa kubebea sampuli ndani ya hadubini, kiyeyushi cha mwisho kutoweka mara nyingi ndicho kibaya zaidi, na polima huweza kujikusanya pale pale, hivyo ukapiga picha ya baka ambalo ndani ya chupa halikuwepo. Wanaofanya kazi kwa uangalifu hugandisha tone ghafla na kulitazama likiwa katika barafu, au huunganisha minyororo ya baka kwa vifungo vya kemikali kabla ya kukausha. Usipokuwa na vifaa hivyo, kausha sampuli mbili, moja kabla ya kutia maji na moja baada ya kutia. Ikiwa zote mbili zina mabaka, yametengenezwa na kukauka juu ya wavu.

Tena kumbuka pembe ya kutazamia. Chembe yenye baka moja, baka likiwa juu au chini ya dhahabu, itaonekana kama iliyovikwa duara zima au kama isiyovikwa kabisa. Inamisha wavu kwa nyuzi kadhaa na upige tena chembe zile zile, uhesabu chembe mamia, na uripoti hata zile zisizokupendeza.

Mheshimiwa Mhariri, ninafanya kazi katika maabara ya hospitali. Nimeambiwa mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria ni dhahabu. Je, dhahabu hiyo nayo imevikwa kwa mabaka? Mabaka yangekifanya kipimo kuwa bora zaidi? Na wenzangu wananitania: vipimo vilivyotumika vinaweza kukusanywa tukapata dhahabu?
*Mtaalamu wa maabara, Bukoba*

Ni dhahabu kweli katika vipimo vingi vya aina hiyo, mara nyingi chembe za nanomita 40 hivi, na wekundu wake ni ule ule niliomweleza ndugu yetu wa Nairobi. Badala ya polima, chembe hizo zimevikwa kingamwili, protini zinazoitambua protini ya kimelea, kwa mfano ile iitwayo HRP2 inayotolewa na Plasmodium falciparum. Damu ikipanda kwenye ukanda, protini ya kimelea hushikwa na kingamwili zilizo juu ya dhahabu, kisha zote hunaswa na kingamwili nyingine zilizochorwa kwenye mstari, na dhahabu iliyojikusanya hapo ndiyo unayoisoma.

Kingamwili hizo hazikai sawasawa. Kwa kawaida huachwa zijishikize zenyewe kwa mvutano wa chaji na kwa sehemu zake zinazokwepa maji, na kila moja hutua kwa ubavu wowote. Baadhi hulala zikiwa zimeuelekeza kwenye dhahabu ule mkono wa kushikia, na hizo hazina kazi. Watengenezaji hulishughulikia jambo hilo kwa wingi: huongeza protini hatua kwa hatua na kupima kwa chumvi ya mezani, kwani chembe isiyofunikwa vya kutosha hugandana na kugeuka buluu chumvi inapotiwa, na iliyofunikwa hubaki nyekundu. Ni kipimo cha zamani, cha bei nafuu, na bado kinatumika.

Mabaka yangeweza kusaidia kwa nadharia: nusu ya chembe ikivikwa polima isiyoshikamana na chochote, kama polietilini glikoli, na nusu ikiachwa kwa kingamwili zilizoelekezwa vizuri. Kwa maoni yangu, kwa kipimo cha malaria gharama haina haki ya kuwepo. Kinachokiharibu kipimo kwenye zahanati zetu mara nyingi ni joto la stoo, unyevu wa pakiti iliyofunguliwa mapema, na kusoma majibu nje ya muda ulioandikwa, na hakuna kati ya hayo kinachotibiwa kwa kuipanga polima. Mahali ambapo ningetazamia mabaka kwanza ni vipimo vya mwanga wa leza, ambavyo hutegemea chembe mbili za dhahabu zikaribiane kwa umbali maalumu, kwa kuwa kwenye upenyo kati yake ishara ya molekuli hukuzwa mara nyingi sana. Hapo mahali baka lilipo ndipo huamua kila kitu.

Kuhusu wenzako, chembe moja ya nanomita 40 ina uzito mdogo kiasi kwamba gramu moja ya dhahabu hutoa chembe trilioni 1,500. Hata tukichukulia kwamba ukanda mmoja una chembe bilioni 10, mtahitaji kukusanya vipimo 150,000 ili mpate gramu moja, kabla ya gharama ya tindikali ya kuitoa. Kila kimoja kati ya hivyo kina damu ya mgonjwa. Kiwekeni kwenye taka za kuambukiza kama mwongozo wa kituo chenu unavyosema, na dhahabu yake iende nacho.